Muhuri Niliotaka, Ukuta Nilioukosa

Nikisema nilionewa nitakuwa nadanganya. Kosa ni langu mwenyewe, na nimelificha hadi limeanza kuniwasha. Nisomeni kwanza, halafu mnihukumu.

Mimi ni msichana wa Malaba, nina miaka kumi na minane, niko kidato cha nne. Si muongeaji. Mgeni akiingia sebuleni, mimi hutorokea jikoni. Lakini nipe brashi! Shule ikifungwa huwa nachora madigadi, ile mipira inayoning'inia nyuma ya magurudumu, ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Simba, tausi, jina la mamake dereva, chochote wanachotaka.

Rafiki yangu Ekisa, wa kule Moding, hupiga akogo, ile ala ya Wateso yenye vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Mwalimu wetu wa sanaa, Madam Nabwire, alituma michoro yangu na nyimbo za Ekisa kwa tamasha la vijana huko Lisbon, Ureno.

Tukaitwa! Sisi! Wiki nzima ya muziki, michoro ya barabarani na ubunifu. Ekisa angepiga akogo siku ya ufunguzi. Mimi nilitengewa ukuta mzima, nichore lori la Malaba na madigadi yake yote. Ukuta, jameni, mimi niliyezoea kipande cha mpira kama sinia!

Pasipoti ikatoka. Nikaifungua, kurasa tupu. Nikaona aibu. Nikawaza, huko ng'ambo wataniona mshamba ambaye hajawahi kutoka popote.

Sasa mjue, kwetu Uganda si ng'ambo. Ni kwa shangazi. Tangu utotoni navuka kwa njia ya panya, pale chini mtoni, naleta matoke na kurudi kabla maji ya ugali hayajachemka. Hakuna mtu hutuuliza kitu.

Siku hiyo nikajifanya msafiri. Nikapita lango kubwa, nikapanga foleni na watu wazima, nikagongewa mihuri: nimetoka Kenya, nimeingia Uganda. Raha hiyo! Nikanunua chapati ya mayai, nikaila huku nikiuangalia muhuri wangu.

Kurudi ndiko kulinishinda. Basi zima la wasafiri lilikuwa limemwagika kwenye foleni. Nikamwazia afisa akisema kwa sauti, "Dada, umerudi hata wino haujakauka?" Watu wote wangegeuka kuniangalia. Haya ikanishika. Nikateremka mtoni kama siku zote, viatu mkononi, nikafika nyumbani.

Hapo ningesema ni ujinga tu. Lakini kabla ya safari Madam alituketisha. "Kuna mtu ametumia pasipoti yake? Semeni sasa, msiningojee airport."

Ekisa akatikisa kichwa. Na mimi nikatikisa.

Airport ya Nairobi, afisa akabonyeza kompyuta. Akanitazama. Akabonyeza tena.

"Dada, wewe uko Uganda."

"Niko hapa," nikanong'ona.

"Hapa inaonyesha ulitoka Malaba na hujarudi. Ulirudia wapi?"

Nikasema sijawahi kwenda Uganda. Na muhuri uko hapo mbele yake! Akaugeuza ukurasa Madam auone. "Mwalimu, huyu ni mwanafunzi wako ama ni mzimu?"

Madam hakunifokea. Heri angenifokea! Alisema tu, "Nilikuuliza."

Nikakatazwa kusafiri. Madam hangeniacha pale peke yangu, na mamake Ekisa alikuwa amemkabidhi Madam mtoto wake, hangemtuma peke yake. Ndege ikaenda bila sisi wote watatu. Ekisa akakaa sakafuni, akogo mapajani, bado imefungwa kwa leso ya mamake.

"Sema kitu," nikamwambia.

"Niseme nini? Si ulitaka muhuri? Uko nao."

Tukarudi Malaba. Nikaandika maelezo kwa maafisa wa mpakani, nikakemewa mbele ya madereva wanaonijua. Tanboi mmoja, msaidizi wa dereva, akapaza sauti, "Wee msanii, kumbe wewe ni magendo!" Nikagongewa muhuri wa kurudi nyumbani nikiwa tayari nyumbani. Wenyeji wetu wa Lisbon wakatubadilishia tiketi, tukafika tamasha limebakisha siku moja.

Ule mji, jameni! Nyumba zimevaa vigae vya maua kama leso. Michoro hadi kwenye ngazi. Vijana wanapiga ndoo kona ya barabara na inatoka ngoma tamu. Na mimi nikapita katikati ya hayo yote kama mtu anayeumwa jino.

Kaka aliyetupokea akatupeleka kwa ukuta wangu. Ulikuwa umechorwa tayari. Samaki mkubwa wa buluu, kazi ya vijana wengine. "Tuliwangoja," akasema kwa upole, "lakini hatungefunga tamasha na ukuta mtupu."

Na samaki alikuwa mzuri! Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Sikuweza hata kumchukia.

Ekisa akaketi kwenye ngazi chini ya huyo samaki, akafungua leso, akapiga. Bibi mmoja mwenye mbwa akasimama kusikiliza. Mbwa akamvuta, bibi akaenda.

"Ufunguzi wangu ndio huo," Ekisa akasema. "Bibi na mbwa. Na mbwa hakupenda."

Nilicheka, halafu nikalia. Yeye hakufanya lolote kati ya hayo.

Tuliporudi Nairobi, nikiwa mbele ya afisa, nikamsikia Ekisa nyuma yangu: "Madam, hakikisha huyo amegongewa." Madam akacheka. Tangu siku hiyo Ekisa hufanya mazoezi yake kule Amagoro bila kuniita.

Juzi dereva mmoja aliniambia, "Msanii, si ulienda ng'ambo? Nichoree kitu cha huko kwa madigadi." Nikashika brashi nikaduwaa. Kitu pekee ninachokikumbuka vizuri ni yule samaki. Nikamchora. Dereva akafurahi sana, akauliza kama ndiye niliyemchora Ulaya. Nikamwambia hapana. Angalau hapo nilisema ukweli.

Nyinyi vijana wa mpakani, wa Busia, wa Mundika, wa hapa kwetu, sikieni. Mpaka si mlango wa jikoni. Ukitokea mbele, rudi kwa mbele, hata foleni nzima ikucheke! Na ukiulizwa na mtu anayekupenda, fungua mdomo. Kicheko cha foleni kingeisha kabla sijafika nyumbani. Kimya cha Ekisa nakutana nacho kila siku.