Kitambaa Nilichozibia Dohani

Nawasimulia nikiwa hoi, maana siku ya tatu hii nafua kitambaa kimoja.

Nafanya kazi za ndani huku Maskati, mtaa wa Hail, kwa bibi mmoja, Bi Salma. Mwanawe alimjengea sebuleni meko ya ukutani ya kuotea moto, kama aliyoiona Ulaya. Haijawahi kuwashwa. Kazi yake ni kuingiza upepo wa baridi kila Januari.

"Nnaumwa magoti, mwanangu," Bi Salma ananiambia asubuhi, mchana na jioni.

Mimi ni mtu wa Iringa, baridi naijua. Nikajifanya fundi. Stoo nilikuta furushi la kitambaa cheupe, hakina pindo wala ua, kimeanza kugeuka njano, kinanukia udi kwa mbali. Nikaona ni tambara. Sikuuliza. Nikalisukumia juu kwenye dohani, ile njia ya moshi, kwa mpini wa fagio mpaka upepo ukakatika. Bi Salma akaniombea dua, nami kichwa kikavimba.

Ijumaa akaja dada yake kutoka Matrah. Akaketi karibu na meko, akanusa.

"Salma, udi gani huu mzuri? Unatoka ukutani."

Bi Salma akanusa naye. Kisha akaniambia taratibu, "Hebu kivute hicho ulichozibia."

Nikavuta. Furushi likaniangukia usoni na vumbi lake na manyoya ya njiwa. Dada mtu akaziba mdomo. Bi Salma akakiokota kile kitambaa, akakipangusa, akakiweka mapajani.

"Hii sanda yangu, nilikuja nayo kutoka Makka," akasema. "Mimi nnaumwa magoti tu, mwanangu."