Seva Iliyopumzishwa Mchana

Siku ile ninaikumbuka, mwanangu, na bado inaniuma. Nilikuwa binti, nikisimamia ofisi ya intaneti ya baba mkubwa pale Katesh. Baba mkubwa alikuwa mkulima hodari wa Maretadu. Ng'ombe wake wakilima tangu alfajiri, mchana aliwafungua nira, na seva nayo aliizima mchana ili ipumzike.

Seva ile ndiyo iliyohudumia kompyuta zote. Mteja akiandika jina la tovuti, iliuliza mbali, kwa mtandao wa satelaiti uliojikokota, tovuti hiyo inakaa anwani gani. Ikijibiwa ilikumbuka, na mteja wa pili hakusubiri. Wewe ukitafuta nyumba ya mtu Endasak, mara ya kwanza unabisha hodi kila mlango, mara ya pili unakwenda moja kwa moja. Basi seva yetu ikizimwa ilisahau milango yote.

Mdogo wangu Paulina alitaka kusomea uuguzi, na maombi ya chuo yalitumwa kwa mtandao. Baba alikubali kumsubiri mwaka huo tu, maana posa ilikuwa imeshaletwa. Siku ya mwisho ya maombi alitembea kutoka Nangwa, akakuta ofisi imejaa waombaji wenzake. Mchana baba mkubwa akaingia. Nikamwamkia, kisha nikamwambia, "Baba mkubwa, leo tusiizime. Ikisahau, watu wote hawa watauliza kwa pamoja, itaelemewa."

"Wewe umelima wapi hata unifundishe kupumzisha?" akasema. Akazima.

Ilipowashwa, maswali yakarundikana. Mengine yalichelewa kujibiwa, kompyuta zikayauliza upya, rundo likazidi. Paulina alitazama ukurasa mweupe, akabonyeza, akabonyeza tena. Seva ilipokuja kuzizoea tena anwani zake, maombi yalikuwa yamefungwa. Baba mkubwa alisema mitandao ya siku hizi ni ya hovyo, akaenda kula. Baba akapokea mahari. Paulina leo anapalilia maharage ya mwanamume asiyemsemesha, na mimi baba mkubwa sijamsamehe, ingawa tulishamzika.

Sasa umeajiriwa kutunza seva za watu, mwanangu. Usizime kitu kabla hujauliza kinakumbuka nini na nani anakisubiri. Ukizeeka, kijana akikupa shikamoo kisha akakukatalia, msikilize mpaka mwisho. Ile shikamoo haikufanyi ujue. Mungu akupe masikio, na hata akikunyima mengine yote, hayo asikunyime.