Mfungo Ulioninyima Anga

Jamani, haya nawasimulia huku nimeinamisha uso, kwa sababu hadi leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze, mimi ambaye nilitaka kuiacha kabisa hiyo ardhi!

Mwaka 2017 kampuni moja ya nje ilikuwa inatafuta wanasayansi wa kuwafundisha uanaanga, na mimi, mtoto wa Bukavu niliyefika Johannesburg nikauza chaja za simu barabarani kule mjini, nikasoma fizikia hadi nikaitwa daktari (wa vitabu, si wa sindano), nikajikuta kati ya sita tuliobaki. Kilichosalia ni kipimo cha mwili tu, Ijumaa asubuhi. Ningefunga mdomo wangu, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini Jumapili nikamnong'oneza Mama Pasta wa kanisa letu pale Yeoville aniombee kidogo, basi akashika maikrofoni palepale: "Kanisa! Mwana wetu anaenda mbinguni bila kufa! Tunafunga kavu siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa jioni, na yeye mwenyewe atatutangulia!"

Ningesema nini? (Kusema "Mama, mimi nitakula" mbele ya watu wanaokupigia vigelegele, hebu jaribu wewe.) Mwanasayansi mzima, ninayejua mwili usio na sukari unafanya nini, nikaitikia amina. Jumatano hakuna kitu, Alhamisi hakuna hata maji, na Ijumaa nikashika teksi kwenda kliniki kule Kensington, ulimi umenata kinywani.

Nesi akauliza, "Daktari, umekula asubuhi?" Hapo ndipo nilipojimaliza. "Ndiyo, mayai mawili na mkate," nikasema, nikatia na saini, maana niliona aibu kuwaambia wapimaji kwamba nimeshinda njaa ili mashine zao zinikubali.

Wakanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia, nyaya kifuani, kaptula ya kuazima, wenzangu watano wananitazama kupitia kioo. Dakika ya nne vidole vikafa ganzi, ya sita nikaanza kuona nyota (naapa ndizo nyota pekee nilizowahi kuzikaribia), halafu miguu ikagoma, mashine ikanitupa nyuma kama gunia la makaa, kaptula ikaishia magotini. Nikamsikia nesi: "Eish! Sukari imeisha kabisa! Huyu amekula mayai gani?"

Mkuu wa wapimaji, mama mmoja mpole, akasubiri nimalize juisi, akaketi kando ya kitanda. "Kuanguka si kitu, tungekupima tena wiki ijayo. Lakini umetudanganya kuhusu mwili wako, na huko juu mtu wa namna hiyo anaua wenzake." Nikalia, jamani, mwanaume mzima, kikombe mkononi.

Jumapili kanisa limejaa watu walionikaushia midomo siku tatu, Mama Pasta ananipa maikrofoni nitoe ushuhuda. Sikuthubutu kusema ukweli. Nikasema, "Mungu hakupenda." Wakalia wote. Bibi mmoja akanikumbatia, "Mapenzi yake yatimizwe, mwanangu," nami nikamwacha anifariji.

Sasa nafundisha fizikia, na nimeapa sitamdanganya daktari tena maishani, hata akiniuliza nimeota nini. Kiapo chepesi hicho, maana nafasi ile haikurudi na wala haitarudi. Ila Mungu niliyemsingizia mbele ya kanisa lake, huyo bado sijamwomba radhi. Nianzie wapi?