Kanyaga Penye Ndago

Kuna siku moja ya kiangazi, mwanangu, miaka ile ya tisini, ambayo nikiikumbuka miguu yangu inaingia baridi hata nikiwa na soksi. Unanijua mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu hapa Kitengela ilikuwa kutoka jikoni mpaka kwa kamba ya nguo. Lakini dada yangu aliyeolewa Kimana alikuwa amejifungua mapacha, nikaenda kumsaidia.

Maziwa yake hayakuwatosha watoto. Ng'ombe wao mmoja ndiye aliyejazia.

Shamba lao la vitunguu lilipakana na kinamasi, na pale ukingoni paliota ndago, ile yenye shina la pembe tatu. Shemeji alikuwa amepeleka panga kunolewa, arudi aifyeke yote aongeze vitunguu. Mimi nilimsifu sana. Ndago niliijua kama adui wa jembe, basi.

Kabla hajarudi, ng'ombe akateleza kinamasini. Nilipofika amezama mpaka tumbo, analia kama mtu. Aliyekuwa karibu ni Koko, bibi Mmaasai jirani yetu, amekuja kuchota maji, na magoti yake yalishakataa kazi. Akanipa kamba.

Mbele yangu kulikuwa na kijani laini kama zulia, moja kwa moja hadi kwa ng'ombe. Vichaka vya ndago vilizunguka mbali. Nikainua mguu.

"Rudisha huo mguu," Koko akasema, wala hakupaza sauti. "Hiyo kijani inaelea. Kanyaga penye ndago."

Nikamwambia ng'ombe anakwisha, na njia ya ndago inazunguka.

"Basi pita hapo. Nitatafuta kamba ya pili, yako."

Nikazunguka. Kila kichaka kilibonyea, maji yakanifika kwenye vifundo, na uzito wangu unaujua, sikuupata jana. Lakini mizizi ilinishika. Nikafunga kamba kwenye pembe za ng'ombe, nikarudi kwa nyayo zangu zilezile. Shemeji akafika na majirani, wakavuta mpaka ng'ombe akatoka, matope matupu.

Shemeji akasimama na panga lake jipya kwa makali, anaitazama ndago.

"Fyeka," Koko akamwambia. "Lakini uniambie kesho ng'ombe atasimama wapi akinywa maji."

Panga lile likaishia kupunguza ua wa boma tu, ndago ikabaki.

Sasa umeniambia uko na ploti umeonyeshwa, udongo mweusi uliopasuka kwa jua, na kwenye kona kuna ndago, dalali anasema ni nyasi tu. Mwanangu, ile ndago ya pembe tatu hushika palipo na maji, au pale yanaporudi mvua ikinyesha. Usiweke msingi hapo. Wala usiing'oe, iache ishike udongo. Na mtu mzima akikuambia rudisha mguu, urudishe kwanza, maswali baadaye.

Mungu akupe ardhi isiyobonyea, na nyumba ambayo mvua utaijua kwa sauti ya mabati tu.