Ndama wa Pili

Bibi yangu Luciana hakuwa mtu wa kusamehe, na sitamsingizia wema huo kwa kuwa sasa amekufa. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na ukimkosea alikupikia uji kama kawaida huku amekuweka moyoni. Mimi nimerithi pua yake na hasira yake, ndiyo maana naweza kusimulia habari ya lile hema bila kuona aibu.

Wakati wa Mwingereza, mzungu mmoja mpima ardhi alikuwa akija kila kiangazi kuwinda bata kwenye ziwa la chumvi, upande wa Mtinko. Gari lilimwacha barabarani, kisha yeye na wapagazi wake wakatembea nusu siku mpaka kwenye msitu wa migunga ulioshuka hadi ufukweni. Hema, kitanda, meza, hata beseni la kuogea, vyote vilikuja vichwani mwa watu. Wanawake wa kijijini kwetu waliamriwa kufagia mahali pa hema na kuchota maji kisimani, maana maji ya ziwa hayanyweki. Aliyewaamuru ni mnyapara wa wapagazi, Bonifasi, mtu wa kutoka mbali, mwenye kofia kubwa na mdomo mkubwa zaidi.

Mwaka wa kwanza Bonifasi alitaka kitoweo cha kambi. Bibi alikuwa mjane kijana mwenye ng'ombe mmoja tu, jike, na kwa mjane ndiko kulikokuwa rahisi kuingia. Alipiga magoti akamwambia kwamba ng'ombe ana mimba kubwa, amguse ubavu asikie mwenyewe. Bonifasi hakugusa. Alimchinja pale pale, na ndama alipotolewa, ameshaota manyoya, alimsukuma kwa mguu mpaka mbele ya bibi.

"Chukua ndama wako, mama. Sisi hatuchukui cha mtu."

Wapagazi wengine walicheka. Mzungu alikula nyama bila kuuliza imetoka wapi. Bibi alimfunga ndama kwenye kaniki yake, akambeba, akamzika nyuma ya nyumba. Hakulia. Aliniambia kwamba siku hiyo alikuwa na kazi ya kufikiri.

Alifikiri miaka mitatu. Kila kiangazi alikwenda kufagia bila kuitwa, hata mnyapara akamzoea na kumsifu mbele ya wenzake. Huku akichota maji, alichunguza. Aliona kwamba mzungu akishaondoka na bunduki yake asubuhi, Bonifasi huingia hemani, huvua viatu, hulala kwenye kitanda cha bwana wake mpaka jua lipite utosini. Wapagazi walijua, wakaogopa kusema. Siku aliyoligundua hilo, bibi alirudi nyumbani akala ugali akamaliza, akaongeza.

Sasa, ng'ombe wa mlimani hawakai ziwani. Hushushwa mara moja kila mwezi unapoandama, kulamba chumvi, na wakishainusa hakuna wa kuwazuia. Wana njia yao moja katikati ya migunga, pana, laini, yenye kivuli. Mgeni akiikuta haina kinyesi ataiita uwanja.

Kiangazi kilichofuata bibi alitangulia siku mbili kabla ya wapagazi. Alikwangua kinyesi kwa jembe akakitupa mbali, akafagia nyayo zote za kwato, akasimika matawi mabichi upande wa juu ili isionekane njia inatokea wapi. Wanawake wenzake walipofika waliona, wakamtazama, wakanyamaza. Bonifasi aliambiwa kwamba pale pa zamani pameingia siafu. Akatembea mwenyewe, akapaona mahali safi penye kivuli, akafurahi. Jioni alimwambia bwana wake, wapagazi wote wakisikia, kwamba yeye ndiye aliyepagundua. Jioni hiyo hiyo mwezi uliandama.

Kesho yake, mzungu akiwa mbali kule kwenye bata, ng'ombe zaidi ya mia waliteremka. Yohana, shemeji yake bibi, alikuwa nyuma yao na fimbo, ameshaona kitu cheupe njiani, lakini amechelewa. Hema halikuanguka tu, lilikokotwa. Kitanda kilipinduka, na ndani ya turubai kulikuwa na mtu anayemwita mama yake.

Mzungu alirudi mbio akamkuta mnyapara wake akifunuliwa kutoka kwenye blanketi ambalo si lake, amevaa soksi, mguu umevunjika chini ya goti. Akauliza nani aliyechagua kupiga hema kwenye njia ya ng'ombe. Wapagazi wote walinyoosha vidole kwa pamoja. Bonifasi alifukuzwa kazi kabla mguu haujafungwa.

Bibi alikuja na ufagio wake. Alilisukuma kwa mguu lile turubai lililochanika mpaka mbele ya uso wa Bonifasi.

"Chukua hema lako, bwana mnyapara. Sisi hatuchukui cha mtu."

Aliniambia hajawahi kuonja kitu kitamu kama maneno yale. Ningekuwepo ningepiga vigelegele.

Lakini ng'ombe mmoja wa Yohana alinaswa na kamba za hema, akavunjika miguu ya mbele, ikabidi achinjwe. Bibi alikuwa amesimama pale tumbo lilipopasuliwa. Ndani mlikuwa na ndama, bado hajaota manyoya. Yohana alitaka kuwatupia mbwa. Bibi alimwomba, akamfunga ndama kwenye kaniki, akamzika kando ya yule wa kwanza. Yohana hakuambiwa kamwe nani aliyeifagia njia.

Miaka mingi baadaye, bibi akiwa hoi kitandani, Padri alikuja kumpaka mafuta. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha maji. Bibi alimsimulia yote polepole, bila kuficha jembe wala matawi. Padri akamwuliza kama amemsamehe yule mnyapara, maana muda uliobaki ni mfupi. Bibi aliomba maji kwanza, akanywa.

"Kwa ndama wa kwanza ningemsamehe, Padri," alisema. "Lakini wa pili nilimwua mimi. Nikimsamehe Bonifasi, nitabaki na huyo ndama peke yangu."