Majina Sita ya Nyumba Moja

Afisa wa uhamiaji aliziweka karatasi mbili mbele yake: pasipoti ya Mireille Lotsove, na barua ya mzazi anayemlipia masomo, Mathieu Ngona. Alizitazama kwa zamu, kisha akauliza kwa Kiingereza, polepole: "Huyu Ngona ni nani kwako?"

"Ni baba yangu."

"Basi kwa nini huna jina lake?"

Mireille alikuwa amejifunza Kiingereza mjini Kampala kwa miezi mitano. Kila neno la swali hilo alilijua. Swali lenyewe hakulielewa. Alijibu kwamba jina lake ni Lotsove, na kwamba limeandikwa pale pale kwenye pasipoti. Afisa, mama mwenye miwani, alimrudishia karatasi zake pamoja na kijikaratasi: alete uthibitisho wa uhusiano wake na anayemlipia, kabla ya tarehe ishirini na nne. Siku hiyo kibali chake cha mwanafunzi kingekwisha. Mtihani ulikuwa tarehe thelathini, na shule haikumruhusu mtu asiye na kibali kuingia chumba cha mtihani.

Mireille ni fundi wa kushona. Alisomea kazi hiyo miaka mitatu katika kituo kimoja cha ufundi huko kwao Nyakasanza, nchi ya ng'ambo ya ziwa, na kituo hicho kilimwahidi darasa la kufundisha iwapo angerudi na cheti cha Kiingereza, kwa sababu vitabu vya mashine mpya vilikuwa vya lugha hiyo tu. Asipofanya mtihani, darasa lingepewa mtu mwingine.

Alipanda basi, akavuka ziwa, akafika kwao Bigo siku ya pili yake. Baba yake alikuwa uani akisikiliza redio.

"Papa, kule banauliza kama weye ni papa yangu."

Muzee Mathieu alizima redio. "Banauliza nini? Kwani ile pua yako iko ya nani?"

Fifi, dada yake mkubwa aliyezoea kumwita Yaya, aliangua kicheko jikoni. "Papa, si ulimuokota ku soko ya Bule? Leo bamejua!"

"Yaya Fifi, usicheke. Niko na siku saba tu."

Aliwaeleza yote. Baba yake alisikiliza, akaomba aelezwe tena, na bado hakuelewa. Katika nyumba ile, kama katika nyumba za majirani, mtoto hakupewa jina la baba yake. Mireille alibeba jina la bibi mzaa mama. Fifi alibeba la shangazi. Jina la Ngona lilikuwa la Muzee Mathieu peke yake, na hakuna aliyewahi kuwataka walieleze jambo hilo.

"Kule bote banabeba jina moya?" aliuliza mzee. "Sasa mama akiita, nani anaitika?"

Asubuhi walikwenda kwa Stéphane, anayechapa barua za watu kwenye kibanda kilicho karibu na soko. Muzee Mathieu alimwambia la kuandika, Stéphane akachapa. Karatasi ilipotoka, Mireille aliisoma akipitisha kidole chini ya kila mstari, jinsi anavyokagua mshono, na kidole kikasimama.

"Stéphane, Mireille Ngona ni nani?"

"Njo weye. Kule kila mutoto iko na jina ya papa yake. Nimekurahisishia."

"Pasipoti yangu iko na Lotsove."

"Batasoma barua, habatasoma pasipoti."

"Pasipoti njo banasomaka ya kwanza!"

Baba yake alikuwa ameshashika kalamu. Hakutia sahihi. "Mireille," alisema kwa sauti ya chini, "kama ile itakusaidia, sitakataza. Koko yako, ule bibi mwenye ulibeba jina yake, alishakufa, hatakasirika."

Mireille alitoa pasipoti yake mkobani. Kwa pasipoti hiyo, hakuwa mtoto wa baba yake. Kwa karatasi hii ya Stéphane, alikuwa mtoto wa baba yake lakini hakuwa mwenye pasipoti. Alizishika zote mbili, moja kila mkono, na kwa muda hakujua ni ipi kati yazo iliyomhusu yeye.

Mwishowe aliikunja ile ya Stéphane katikati. "Futa. Andika majina ya batoto bote sita, na kila moya, jina ni ya nani."

Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, kwa sababu Fifi, aliyewafuata ili asipitwe, alibishana na baba yake kuhusu mtoto wa nne, Yves Lokana.

"Lokana ni jina ya rafiki yangu," alisema mzee.

"Hapana, Papa! Ni ya muuguzi mwenye alimuzalisha. Mama alisema."

Liliandikwa kuwa la muuguzi. Kwenye komini, ofisi ya serikali ya mtaa, mfanyakazi aliisoma orodha, akailinganisha na kitabu chake cha vizazi, akapiga muhuri bila kuuliza lolote. Yeye hakuona cha kushangaza.

Tarehe ishirini na tatu Mireille alisimama tena mbele ya mama mwenye miwani, akampa pasipoti, barua ya kwanza na orodha. Mama huyo aliisoma orodha hadi jina la nne. "Huyu ana jina la muuguzi?"

"Ndiyo."

"Na wote ni wa baba mmoja, mama mmoja?"

"Ndiyo."

Afisa alimwita mwenzake, wakaongea kwa lugha ambayo Mireille hakuijua, wakacheka kidogo. Kisha akaichukua barua ya kwanza, ile ile aliyokuwa ameikataa, akaiweka kwenye faili, akagonga muhuri wa kuongeza kibali kwa miezi mitatu. Orodha alimrudishia. "Hii hatuihitaji," alisema, na kumwita aliyefuata.

Nje, Mireille alimpigia simu dada yake.

"Basi ni karatasi gani imekusaidia?" aliuliza Fifi.

"Sijui, Yaya."

"Rudi umuulize!"

"Nimuulize afungue faili tena? Hapana."

Tarehe thelathini aliingia chumba cha mtihani na kalamu mbili. Orodha ya majina sita ilikuwa ndani ya pasipoti, endapo mtu angeuliza tena.