Mama Wako Nje

Nyumbani kwa akina Nasambu, karibu na Kibabii, mzazi hatajwi kana kwamba ni mtu mmoja. Mama hajalala; mama wamelala. Baba hakufa, baba walikufa, wakawaachia mama kishamba na binti yao Nasambu, mwenye kichwa chepesi.

Kijapani alijifunza mjini Kitale, kwa mwalimu Mjapani wa kujitolea aliyefundisha ushonaji. Kilimwingia upesi. Hata ile tabia ya Bungoma ya kuchanganya r na l, iliyowachekesha wasichana wa mjini, Mjapani hakuijali kabisa. Basi mwaka 2005, mwalimu akiwa amesharudi kwao, ikatangazwa nafasi moja ya kwenda kusomea ushonaji Japani, kwa anayeijua lugha. Nani mwingine? Mama wakajifunga leso mpya, wakamsindikiza kwenye usaili.

“Baba yako anafanya kazi gani?” mama wa Kijapani aliyekuwa akimsaili akauliza kwa lugha yake.

Nasambu akatafuta neno la heshima, akalishika lile la “wao”, karera.

“Karera walifariki.”

“Pole. Kwa hiyo huna wazazi.”

“Ninaye mama. Karera wako nje, wananingoja.”

Kalamu ikasimama. Yule mama akaenda dirishani. Nje, kando ya ukuta, alikaa mwanamke mmoja, amevua viatu.

“Hao wao ni akina nani?”

“Ni mama.”

“Na wengine?”

“Hakuna wengine.”

Akamweleza kwa upole, ule upole unaouma kuliko kofi. Mama, kwa Kijapani, ni haha, basi. Na hilo karera halina heshima yoyote. Mzazi hatajwi hivyo hata wangekuwa kumi. Asiyejua kutofautisha mmoja na wengi angehangaika huko. Nafasi akapewa Waithera wa Saboti, aliyejibu machache na kukosea machache.

“Wamesema aje?” mama wakauliza.

“Wamechukua mwingine.”

“Rakini si wewe ndiyo unajua?”

Aseme nini? Kwamba adabu waliyomlea nayo ndiyo iliyomwangusha? Inauma, jamani, na hakuna hata wa kulaumiwa. Akarudi kwenye mahindi, na Kijapani hakukitamka tena.

Jioni moja jirani yao Mukhisa akapiga hodi, akauliza kama mama wako nyumbani.

“Ako ndani,” Nasambu akasema.

Jikoni mwiko ukaacha kugonga sufuria. Mama wakatoka, wakasimama mlangoni wakimwangalia.

“Nasambu, ni nani ako ndani?”

Nasambu akainama, akaendelea kupukuchua mahindi.